Bendera Iliyokataa Kushuka

Juni 2015, Columbia, makao makuu ya jimbo la South Carolina kule Marekani. Juu ya jengo la bunge, bendera ya Marekani ilikuwa nusu mlingoti. Bendera ya jimbo nayo nusu mlingoti. Watu tisa Weusi walikuwa wameuawa kanisani na jimbo zima lilikuwa linaomboleza. Lakini mbele ya jengo hilo hilo kulikuwa na bendera ya tatu: nyekundu, yenye msalaba wa buluu uliokaa mshazari na nyota nyeupe kumi na tatu. Hiyo ilikuwa juu kabisa, ikipepea kama siku nyingine yoyote.

Usidhani kuna askari aliyesahau kazi yake. Sheria ya mwaka 2000 ilisema bendera hiyo haiguswi hadi bunge la jimbo liamue, tena kwa thuluthi mbili ya kura. Zile mbili zingeshuka kwa amri tu. Hii moja hata gavana hakuwa na uwezo nayo.

Mmoja wa waliouawa, Clementa Pinckney, alikuwa mchungaji wa kanisa hilo na pia seneta wa jimbo. Siku jeneza lake lilipoletwa bungeni ili watu wamuage, lilivutwa na farasi hadi kwenye jengo ambalo mbele yake ilipepea bendera ya jeshi lililopigana ili watu kama yeye wabaki watumwa. Seneta anaagwa na jimbo lake, na jimbo hilo hilo limepandisha bendera ya waliomwona babu yake kama mali. Sasa hapo jimbo linasema nini?

Swali langu ni hilo tu. Mtu binafsi kuweka bendera kwake ni mambo yake, na tutamfikia. Mimi nauliza kuhusu serikali: je, ipeperushe bendera ya zamani yenye damu, kwenye mlingoti wa umma, kwa kodi ya watu wote, wakiwemo wale ambao bendera hiyo iliwaumiza?

Jibu la kwanza ambalo utasikia ni kwamba hiyo ni historia na historia haifutwi. Sawa. Basi tuiangalie historia yenyewe.

South Carolina ilikuwa jimbo la kwanza kujitoa Marekani, Desemba 1860. Waliojitoa hawakuficha sababu. Waliandika tamko rasmi, na ndani yake suala la utumwa limetajwa waziwazi. Vita vilianza Aprili 1861 na vikaisha 1865, Kusini ikiwa imeshindwa. Ile bendera ya msalaba wa mshazari haikuwa hata bendera rasmi ya taifa lao jipya. Ilikuwa bendera ya vitani, ikihusishwa sanasana na jeshi la Jenerali Robert E. Lee kule Virginia. Vita vilipoisha, ilibaki kwenye mikutano ya wanajeshi wazee na kwenye mazishi yao.

Ilirudi kwa kishindo mwaka 1948, wakati wanasiasa wa Kusini walijitenga na chama cha Democratic kwa kuwa chama hicho kilianza kuzungumzia haki za Weusi. Mgombea wao wa urais alikuwa Strom Thurmond, gavana wa South Carolina, na mashabiki wake waliipunga bendera hiyo. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema shule za kutenganisha watoto kwa rangi ni haramu. Moja ya kesi zilizounganishwa katika uamuzi huo ilitoka South Carolina. Mwaka 1956 jimbo la Georgia likaiingiza alama hiyo kwenye bendera yake. Halafu 1961, South Carolina ikaipandisha juu ya jengo la bunge. Sababu iliyotolewa ilikuwa maadhimisho ya miaka mia moja ya vita. Mwaka uliofuata bunge likapitisha azimio ibaki pale, bila kutaja tarehe ya kushushwa.

Kati ya 1865 na 1961 kuna miaka 96. Kama kweli huo ulikuwa urithi usioweza kuguswa, ulikuwa umelala wapi muda wote huo? Na mbona ukaamka mwaka ule? Mapema 1961, mjini Rock Hill, jimboni humo humo, vijana Weusi waliketi kwenye kaunta ya chakula iliyokuwa ya Wazungu peke yao. Wakakamatwa. Tisa kati yao wakakataa kulipa faini na wakaenda kufanya kazi ngumu kwa siku thelathini. Miezi michache baadaye bendera ikapanda. Kijana Mweusi aliyepita chini yake hakuhitaji mwalimu wa historia kumweleza inamwambia nini. Haikuwa ikimkumbusha mambo ya 1861. Ilikuwa ikimwambia kuhusu 1961.

Bendera ya zamani ikipandishwa leo, inaongea habari za leo. Wanaosema wanaitunza historia wangepaswa kwanza kutueleza historia ya ule mlingoti: nani aliipandisha, lini, na nani alikuwa anatishwa.

Kuna kesi moja ya Marekani inayosaidia kupambanua haya. Katika jimbo la Texas, mashirika yanaweza kuomba nambari za gari zenye alama zao. Chama cha wazao wa wanajeshi wa Kusini kikaomba nambari yenye ile bendera. Jimbo likakataa. Chama kikaenda kortini, kikisema kimenyimwa uhuru wa kusema. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na hukumu ikatoka tarehe 18 Juni 2015, siku moja tu baada ya mauaji ya kanisani. Majaji watano dhidi ya wanne wakaipa Texas ushindi. Clarence Thomas, jaji Mweusi pekee wakati huo na mhafidhina kabisa, aliungana na majaji wa mrengo wa kushoto kufikisha watano.

Hoja yao inaeleweka hata na mtu wa matatu. Ukibandika stika kwenye gari lako, hapo unaongea wewe. Lakini nambari ya gari inatolewa na serikali, ina jina la jimbo, na ni ya lazima. Hapo anayeongea ni serikali, na serikali ina haki ya kuchagua maneno yake. Haiwezi kulazimishwa kubeba ujumbe wa mtu.

Mlingoti wa bunge ni vivyo hivyo, tena zaidi. Hakuna anayepita pale akafikiri bendera ile imewekwa na jamaa fulani wa mtaa. Imewekwa na dola. Ndiyo maana ile hoja ya uhuru wa kusema, ambayo ina uzito mkubwa kwa mtu binafsi, inapoteza nguvu ukiileta kwa serikali. Uhuru wa kusema ulitengenezwa kumlinda raia dhidi ya serikali. Haukutengenezwa kuilinda serikali dhidi ya raia wake.

Yaliyofuata Columbia huenda uliyaona kwenye simu yako. Tarehe 27 Juni mwanamke anayeitwa Bree Newsome alipanda ule mlingoti kwa mikono yake, polisi wakiwa chini wanamwambia ashuke, akaishusha bendera. Akakamatwa. Chini ya saa moja baadaye ilikuwa imerudishwa. Lakini picha ilikuwa imeshatoka. Tarehe 9 Julai, usiku wa manane umepita, wabunge wa jimbo walipiga kura 94 dhidi ya 20 iondolewe, na siku hiyo hiyo Gavana Nikki Haley akatia sahihi. Tarehe 10 Julai ikashushwa, ikakunjwa, ikapelekwa kwenye jumba la makumbusho.

Haikuchomwa wala kuzikwa. Anayetaka kuisoma historia yake anaweza kwenda makumbusho.

Lakini muuaji wa Charleston ana jambo lingine linalotuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Katika picha moja aliyopiga kabla ya mauaji, amevaa jaketi lenye viraka viwili kifuani. Kimoja ni bendera ya Afrika Kusini ya enzi za ubaguzi. Cha pili ni bendera ya Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Kijana huyu alizaliwa Aprili 1994, mwezi ule ule Afrika Kusini ilipopiga kura yake ya kwanza ya watu wote na kupandisha bendera mpya. Rhodesia ilikuwa imekufa miaka 14 kabla. Nchi zote mbili zilikuwa zimezikwa kabla hajajua kutembea, na bado mtoto wa South Carolina alijua bendera zao zinamaanisha nini. Kwa hivyo tusidanganyane ati bendera kuukuu ni kitambaa tu.

Afrika Kusini wenyewe walilikabili swali hili kortini. Oktoba 2017 kulikuwa na maandamano ya kupinga mauaji ya wakulima, na ile bendera ya zamani, iliyotumika kuanzia 1928 hadi 1994, ikaonekana. Wakfu wa Nelson Mandela ukaenda Mahakama ya Usawa. Agosti 2019 Jaji Phineas Mojapelo akaamua kwamba kuionyesha bila sababu ya maana ni matamshi ya chuki, ubaguzi na unyanyasaji. Akaacha mlango kwa sanaa, elimu na uandishi wa habari. Shirika la AfriForum lilikata rufaa, na mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikashikilia kwamba kuionyesha hadharani ni matamshi ya chuki.

Hukumu hiyo inawafikia hata watu binafsi, na mimi siko huko kabisa. Nchi iliyopitia yale inajua kidonda chake, lakini sheria ya kumwadhibu mtu kwa kitambaa inaweza kugeuzwa kesho ikamshika mwandamanaji wa Nairobi. Kwa serikali yenyewe lakini sina wasiwasi hata kidogo. Kama raia akipunga bendera ile anawaumiza wenzake, dola ikiipandisha inawaumiza mara mia.

Sasa ni rahisi sana kuwahukumu Wamarekani ukiwa umekaa kwako. Hebu tujipime na yetu, juu Kenya nayo ilikuwa na bendera nyekundu kwenye mlingoti wenye utata.

Nenda Mombasa, Fort Jesus. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596. Waomani wakaiteka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Mwaka 1824 Wamazrui waliotawala Mombasa walipandisha bendera ya Uingereza hapo kama ngao dhidi ya Seyyid Said, na kapteni Mwingereza, Owen, akatangaza ulinzi uliodumu hadi 1826. Mwaka 1837 Seyyid Said akauchukua mji. Kila aliyeishika ngome alitangaza kwa bendera nani bwana.

Halafu ikaja Desemba 1895. Uingereza ikafanya mkataba na Sultani wa Zanzibar, Hamid bin Thuwaini. Waingereza watautawala ukanda wa maili kumi wa pwani, na watamlipa Sultani kila mwaka. Mwambao utabaki mali yake kisheria, na bendera yake nyekundu itaendelea kupepea. Ndiyo maana hata baada ya 1920, Nairobi na bara zikiwa koloni, pwani iliitwa himaya. Bendera ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Fort Jesus huku ndani ya kuta Waingereza wakiwa wameigeuza jela. Mwenye bendera hakuwa na ufunguo wa lango.

Kwa baadhi ya watu wa Mwambao, bendera ile ilikuwa heshima: dini yao, makadhi wao, ustaarabu wa miji ya mawe uliokuwepo kabla Nairobi haijaota. Kwa wengine ilikuwa bendera ya soko la watumwa. Hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani yetu hadi 1907. Frere Town, makazi ya watumwa waliookolewa, ilianzishwa miaka ya 1870, ng'ambo tu ya maji kutoka kisiwani. Watu wawili wanasimama mahali pamoja, wanatazama kitambaa kimoja, mmoja anaona nyumbani na mwingine anaona mnyororo. Hakuna kati yao anayedanganya.

Uhuru ulipokaribia, ugomvi ukawa mkali. Kulikuwa na waliotaka Mwambao ujitenge au urudi kwa Sultani. Ronald Ngala na KADU walitaka majimbo, lakini ndani ya Kenya. KANU ilitaka serikali moja yenye nguvu. Mwaka 1961 Uingereza ikamtuma Sir James Robertson kuchunguza, naye akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, wakabadilishana barua, na mkataba ukatiwa sahihi London. Sultani akaachia madai yake. Kenya kwa upande wake ikaahidi kulinda uhuru wa dini, mahakama za kadhi, mafunzo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu, na hati za ardhi.

Walichofanya mwaka 1963 ni kulitenganisha jambo na alama yake. Yale yaliyokuwa ya maana kwa wenye bendera hayakutupwa. Yaliwekwa kwenye sheria, na hadi leo mahakama za kadhi zimo katika Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010. Bendera lakini ilishuka. Kwa hivyo anayesema kwamba ukishusha bendera umefuta watu, jibu lake liko Mombasa. Bendera ilishuka, adhana ikabaki.

Lakini sitaki kuimaliza hadithi hapo kwa kupiga makofi, juu kuna kilichobaki ambacho hakikupaswa kubaki. Ni zile hati za ardhi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati miliki pwani: leta dai lako liandikishwe, usipoleta ardhi inakuwa ya serikali. Waliojua kuandika na kuzunguka maofisini waliandikisha. Wamijikenda wengi na wazao wa watumwa hawakuandikisha. Mwaka 1963 Kenya huru ikaahidi kuziheshimu hati zile. Matokeo tunayaishi. Kuna familia pwani zimekaa shamba moja kizazi baada ya kizazi na bado zinaitwa maskwota. Kilio cha "Pwani si Kenya" kilipovuma, na kundi la MRC likapigwa marufuku 2010 kabla ya mahakama kuiondoa marufuku hiyo 2012, ilikuwa ni mikataba ile ile ya 1895 na 1963 inayotajwa.

Bendera ya Sultani ilishuka zaidi ya miaka 60 iliyopita. Karatasi zake hazijashuka.

Kwa hivyo msimamo wangu una miguu miwili. Mguu wa kwanza: serikali isipeperushe bendera ya watesi wa raia wake. Sisemi isiitaje, isiifundishe, isiionyeshe. Iweke ndani ya kioo na maelezo ya kweli ukutani, pamoja na majina ya walioumia. Makumbusho husema hili lilitokea. Mlingoti husema huyu ndiye bwana hapa. Haya ni maneno mawili tofauti, na serikali ikijifanya haioni tofauti yake, jua inaiona vizuri sana.

Kuna atakayeuliza, nani ataamua bendera gani ni ya watesi? Kila bendera si ina damu? Bendera yetu wenyewe ya Kenya imeshapandishwa mbele ya vituo vya polisi ambavyo watu wanaviogopa. Ni kweli. Lakini bendera ya Kenya ni ya watu wote kisheria, hata ya yule anayelia chini yake. Kijana anayekimbizwa na vitoa machozi huwa ameivaa mabegani, kwa maana anaidai. Mpita njia Mweusi wa Columbia hangeweza kuidai ile. Ilitengenezwa ili asiwe na la kudai. Kipimo chenyewe kiko hapo: je, kuna raia ambaye bendera hii, kwa kusudi lake la kwanza, inamwambia yeye si raia? Kama yupo, hata mmoja, ishushwe.

Mguu wa pili ni mgumu zaidi. Kushusha bendera ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Kamba inavutwa, kamera zinapiga, wanasiasa wanakumbatiana, kwisha. South Carolina ilichukua miaka 54 kuifanya kazi hiyo rahisi, na ilibidi watu tisa wafe kwanza. Sisi tuliifanya haraka, bila damu kumwagika chini ya mlingoti, na hilo ni jambo la kujivunia. Kisha tukafikiri tumemaliza.

Ukienda Fort Jesus siku moja, tazama juu. Bendera inayopepea ni yetu: nyeusi ya watu, nyekundu ya damu, kijani cha ardhi, nyeupe ya amani. Ni sawa iwe hapo. Kisha ukitoka, mwulize mtu yeyote wa mashamba ya Kilifi au Kwale kama ile rangi ya kijani imemfikia.